Mswada wangu uko kwake, sasa anataka milioni sita

SWALI

Asalaam alaykum ndugu mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Bombo. Tangu mwaka juzi naandika riwaya ya Kiswahili, usiku watoto wakishalala na mchana chungu kikiwa motoni. Nimeshajaza kurasa 160 hivi katika kaunta buku mbili, zimebaki kama sura nne. Shida ni kwamba kila nikifungua nasoma kuanzia mwanzo, nafuta, naandika upya sura ya kwanza. Nimeiandika mara sita, na mwisho sijaufikia.

Mwezi uliopita jirani alinikutanisha na bwana mmoja wa Kampala anayesema anatoa vitabu. Akachukua kaunta buku ya kwanza akaisome. Baada ya siku tatu akanipigia: kitabu kizuri sana, atanitolea nakala 1,000 kwa shilingi milioni 6, nusu niilipe kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, ISBN (namba ya kutambulisha kitabu) atashughulikia yeye. Anasema Kiswahili sasa ni lazima shuleni, kwa hiyo shule zitazimaliza. Nina milioni 2 na laki 8 kwenye SACCO. Zinazobaki ningekopa.

Mume wangu hakatai niandike, ila anasema pesa ya ada haiwezi kugeuka karatasi. Wifi yangu ananiambia mtu mzima haandiki hadithi. Nilipe? Na hizo sura nne nitazimaliza vipi katika nyumba yenye meza moja, ambayo ndiyo ya kulia, ya kupigia pasi na ya kazi za shule za watoto?

Mama Watatu, Bombo

MAJIBU

Wa alaykum salaam, Mama Watatu.

Usilipe. Na kabla ya jambo lolote jingine, kaifuate ile kaunta buku. Hukusema kama una nakala yake, nami nachukulia huna. Basi nusu ya kazi ya miaka miwili iko ndani ya mfuko wa mtu mmoja, na taksi moja ikiondoka na mfuko huo, hakuna wa kukurudishia. Usimwambie unaifuata kwa sababu humwamini. Mwambie unaihitaji ili umalizie sura zilizobaki, maana ndiyo kweli. Kama huwezi kwenda mwenyewe, baba watoto aende.

Ondoa hofu moja: kuwa na daftari lako hakumpi haki juu ya hadithi. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inamlinda mwandishi tangu kazi inapowekwa kwenye karatasi, bila kusajili, maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kusajili URSB, ofisi ya serikali ya usajili, kunasaidia kuthibitisha mkiwa mbele ya hakimu, lakini haki haitoki huko. Ila haki haiandiki upya sura iliyopotea. Ikirudi tu, andika namba kwenye pembe ya kila ukurasa, kisha piga picha kila kurasa mbili zilizofunguka pamoja. Fanya mchana, karibu na mlango, taa ya simu ikiwa imezimwa, kwa sababu mwanga wake hung'arisha wino wa biki na maneno yanapotea. Kurasa 160 ni picha 80. Zitume kwenye barua pepe yako mwenyewe, ili hata simu ikianguka kwenye ndoo zibaki. Ukizituma kwa WhatsApp, zitume kama faili na si kama picha, la sivyo zinabanwa na maandishi yanafifia.

Sasa huyo bwana. Amesoma nusu ya kitabu ambacho hakijaisha, na hakukuuliza kinaishaje. Hilo pekee linatosha. Mchapishaji aliyesoma kweli huja na maswali: huyu kaka mbona katoweka sura ya tano, huu mwaka mbona haulingani na ule. Husema pia mswada uhaririwe kwa muda gani. Yeye amekuja na tarehe ya mwisho ya kulipa.

Kuna kazi mbili ambazo watu wa namna hii huzichanganya. Mchapishaji anaweka pesa yake, anahariri, anachapa, anauza, kisha anakulipa mrabaha, yaani fungu lako katika kila nakala inayouzwa, mara nyingi karibu asilimia 10. (Uliza daima: asilimia 10 ya bei ya dukani, au ya kile kinachobaki baada ya duka kukata chake? Kitabu cha shilingi 20,000 kinakupa 2,000 kwa hesabu ya kwanza. Duka likikata asilimia 35, kwa hesabu ya pili unapata 1,300.) Mpiga chapa, kama hao walioijaza Nasser Road ya Kampala, unamlipa wewe, anakupa vitabu vyako, mnaachana. Ukitoa milioni 6 zako, mchapishaji ni wewe, na jina la mchapishaji kwenye ukurasa wa hakimiliki linapaswa kuwa lako.

Ndiyo maana ile ahadi ya ISBN si zawadi. Namba hiyo yenye tarakimu 13 husajiliwa kwa jina la mchapishaji. Akiiomba kwa jina lake, kila duka na maktaba itakayotafuta kitabu chako itapelekwa kwake. Iombe mwenyewe Maktaba ya Taifa ya Uganda, Buganda Road. Ukiona namba inayoanza 978-9970, hiyo imetolewa Uganda. Haisemi kitabu ni kizuri, wala hailindi hakimiliki. Ni anwani tu, na anwani ya nyumba yako haifai kuandikwa kwa jina la jirani.

Tuje kwenye hesabu yake. Milioni 6 kwa nakala 1,000 ni shilingi 6,000 kila kimoja, na kwa macho hiyo ni nafuu. Tuseme unauza 20,000. Maduka hukata asilimia 30 hadi 40, kwa hiyo kwa asilimia 35 mkononi mwako inafika 13,000. Ili milioni 6 zirudi, lazima viuzwe vitabu 462 dukani, au 300 kwa mkono wako mwenyewe bila duka. Hapo hujapata faida hata senti, na mkopo wa milioni 3 na laki 2 unazaa riba tangu mwezi wa kwanza. Kitabu chako kikichapwa kwa ukubwa wa A5 (nusu ya karatasi ya A4) kitafika kama kurasa 176, uzito wa karibu gramu 240. Elfu moja ni kilo 240 za karatasi, na ukizipanga moja juu ya nyingine zinapita mita 9. Zitakaa wapi, katika nyumba ambayo meza ni moja? Chini ya kitanda kuna unyevu, ukutani kuna mchwa.

Na shule? Ni kweli Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kama somo la lazima, msingi na sekondari. Lakini somo kuwa lazima hakuifanyi riwaya yoyote kuwa lazima. Vitabu vya darasani hupitishwa na NCDC, kituo cha taifa cha mitaala pale Kyambogo, kwa kufuata mtaala. Mwalimu mkuu hanunui riwaya kwa sababu tu imeandikwa kwa lugha inayofundishwa. Usikope pesa kwa tegemeo hilo.

Sasa jambo ambalo kwangu ni zito kuliko milioni 6: kumaliza.

Sura ya kwanza imeandikwa mara sita kwa sababu iko karibu, unaijua, na kuisahihisha kunakupa hisia ya kazi bila hatari ya kazi. Usishindane nayo kwa nia. Iondoe machoni. Kaunta buku ya kwanza ikirudi na picha zikishapigwa, ifungie kwenye sanduku la nguo, na usiifungue mpaka neno la mwisho la sura ya mwisho. Ukikumbuka kitu cha kubadilisha huko nyuma, geuza ukurasa wa mwisho kabisa wa kaunta buku unayoandikia, weka kichwa MAREKEBISHO, andika mstari mmoja: "Sura 2, mjomba awe na kovu tangu mwanzo." Kisha endelea mbele kama vile kovu limekuwapo siku zote. Kwenye ukurasa unaofuata weka orodha ya majina, umri na nani ni nani kwa nani. Hilo nalo hukurudisha mwanzo kila usiku, kuutafuta umri wa mtu.

Kwa kila sura iliyobaki andika mistari mitatu kabla ya kuianza: nani anataka nini, nini kinamzuia, sura ikiisha nini kimebadilika. Ukikosa jibu la mstari wa tatu, hiyo si sura bado, iunganishe na inayofuata. Usishangae nne zikigeuka tatu.

Halafu kipimo. Hesabu maneno ya mistari kumi iliyojaa, gawa kwa kumi, zidisha kwa idadi ya mistari ya ukurasa. Mwandiko wa kawaida unaleta maneno 9 kwa mistari 27, yaani 243. Kwa hiyo ulichonacho ni karibu maneno 39,000, na ukurasa mmoja wa kaunta buku ndio kazi ya siku. Sura nne za maneno 3,000 ni 12,000. Ukurasa mmoja kwa siku, siku tano kwa wiki, ni wiki 10. Ramadhani ikiingia katikati, hamishia ukurasa wako baada ya daku, nyumba ikiwa kimya, au uongeze wiki nne bila kujilaumu.

Saa utaipata jikoni, lakini chagua chakula. Chapati zinataka mikono yote miwili, ukiandika zinaungua. Maharagwe yaliyolowekwa tangu usiku ni tofauti. Yakishachemka kwenye sigiri, funga kidirisha cha chini kinachoingiza hewa, acha mkaa uwake taratibu, ongeza maji ya moto kikombe kimoja, funika. Kuanzia hapo kwa nusu saa na zaidi kazi yako ni kusikiliza: mlio wa sufuria ukibadilika kutoka kutokota kwenda kukaangika, maji yamepungua. Matoke yaliyofungwa kwenye majani yanakupa muda kama huo huo. Weka kaunta buku mbali na kikapu cha mkaa, na uwaonyeshe watoto wote kwamba daftari hili halichanwi kuwashia moto. Mswada haupotei kwa wizi mara nyingi kama unavyopotea kwa sigiri.

Meza waachie watoto. Mwombe fundi seremala kipande cha plaiwudi cha sentimita 30 kwa 40, akipige msasa kingo, ukiweke mapajani. Kama unaandika kwa mkono wa kulia, taa ya sola ikae kushoto, kivuli cha mkono kisianguke kwenye mstari. Na unapoacha, usimalize sentensi. Iache katikati pale ambapo unajua neno linalofuata. Kesho utaanza kwa kulimalizia, na kalamu itakuwa imeshaondoka kabla hujapata muda wa kurudi nyuma kusoma.

Kwa mume wako na wifi usiombe "muda wa kuandika", maana muda usio na ukingo unatisha nyumba nzima. Sema: nusu saa, maharagwe yakiwa yanatokota, siku tano, wiki kumi. Watoto nao wape kitabu nusu saa hiyo hiyo, mkubwa amsomee mdogo. Baba watoto ana haki kuhusu ada, na majibu haya yanamuunga mkono: pesa ya SACCO haiguswi kwanza.

Ukimaliza, pumzisha mswada wiki tatu. Kisha uchape mwenyewe kwenye simu, sura moja kwa wiki moja au mbili, kwa sababu kuchapa ndiko kusahihisha kwa pili. Zima kwanza kisahihishaji cha Kiingereza, kinachogeuza "hii" kuwa "hi" bila kukuuliza, na uchague Kiswahili kwenye kibodi. Ukimpa mtu wa kutaipu, akuchapie kurasa tano tu kwanza uone, maana asiyejua Kiswahili huunganisha na kutenganisha maneno apendavyo.

Kuna makosa mawili ambayo mwandishi wa huku kwetu hayaoni kwa sababu yako masikioni. La kwanza ni r na l. Kwa maandishi ya Kiganda r hufuata e na i tu, kwingine ni l, na mkono uliozoea hivyo huandika "balua", "habali", "tayali", na "siringi" badala ya shilingi. Yatafute maneno hayo moja moja kwa kile chombo cha kutafuta cha simu. La pili ni upatanisho: "kitu yangu", "watoto yote", Kiswahili cha kambi ya jeshi. Hapa nina msimamo. Usikifute. Kiweke midomoni mwa askari na mama wa sokoni, maana ndivyo wanavyosema, na riwaya ya Bombo isiyo na sauti hiyo itakuwa imedanganya. Lakini msimulizi wako abaki kwenye Kiswahili sanifu kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Mchanganyiko usio na mpango ndio unaomfanya msomaji adhani hujui.

Baada ya hapo tafuta wasomaji watatu: anayejua Kiswahili vizuri, anayependa riwaya, na kijana wa sekondari. Usiwaulize kama ni nzuri, watasema ndiyo. Waambie wachore alama pale walipoweka kitabu chini, na pale waliporudia sentensi mara mbili. Alama mbili zikianguka ukurasa mmoja, ukurasa huo una tatizo, hata kama ndio unaoupenda. Wa kuhariri lugha unaweza kumpata kati ya waliosomea Kiswahili Makerere au Kyambogo. Mlipe kwanza kwa kurasa kumi, uone anachofanya, ndipo mkubaliane juu ya kitabu kizima.

FEMRITE, chama cha wanawake waandishi wa Uganda kilichoanzishwa miaka ya 1990 na kilichopo Kamwokya, Kampala, kina kikao cha kila Jumatatu cha kusomeana kazi. Wengi huandika Kiingereza, lakini jicho la kuona sura iliyolegea halina lugha. Piga simu uulize ratiba kabla ya kupanda taksi. Na kabla ya kuchapa nakala yoyote, fikiria Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell ya Fasihi ya Afrika, iliyoanzishwa 2014 ikiitwa Mabati-Cornell. Inapokea miswada ambayo haijachapishwa, kwa hiyo wa kwako hauhitaji jalada ili ushindane. Upeleke pia kwa wachapishaji wa Kenya na Tanzania, ambako riwaya ya Kiswahili ina wasomaji wengi zaidi: barua ya ukurasa mmoja, muhtasari unaoeleza mpaka mwisho wa hadithi, na sura tatu za mwanzo.

Ikifika siku ukaamua kujichapia, anza na nakala 100. Kwa wingi mkubwa mpiga chapa hutengeneza sahani za mashine, gharama ambayo ni ile ile kwa nakala kumi au elfu, ndiyo maana bei ya kila kimoja hushuka vikiwa vingi. Kwa nakala chache mwombe mashine ya kidijitali isiyotumia sahani. Tuseme kila kimoja ni 12,000: unatoa milioni 1 na laki 2, na ukiuza kwa mkono 20,000, vitabu 60 vinarudisha pesa yote. Maneno 51,000 yanajaza kama kurasa 170 za A5, na kwa kuwa karatasi hukunjwa kwa kurasa 16, panga 176. Karatasi ya ndani iwe ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ya jalada gramu 300 yenye laminesheni (utando wa plastiki), na upande wa mgongo acha milimita 20 bila maandishi, la sivyo maneno yanamezwa na gundi.

Lipa nusu, na usiruhusu kazi iendelee mpaka ushike nakala moja iliyokamilika. Ifungue katikati, ibonyeze ilale mezani, uifunge, urudie mara kumi. Mgongo ukipasuka au karatasi moja ikilegea, gundi haijashika. Kurasa zikijikunja kama wimbi, nyuzi za karatasi zimelazwa kinyume cha mgongo, na hakuna gundi itakayozinyoosha. Irudishe. Faili la mwisho la PDF liwe kwako pia, liandikwe kwenye risiti.

Na huyo bwana, kabla ya Ijumaa mwandikie hivi: "Asante kwa kusoma. Mswada haujakamilika, kwa hiyo sitalipa chochote sasa. Naomba kaunta buku yangu; baba watoto atakuja kuichukua kesho saa nne asubuhi." Hifadhi ujumbe huo na jibu lake. Akisema ameiacha mahali, jirani aliyewakutanisha aende pamoja na mume wako.